Karatasi moja na siku kumi: barua ya wazi kwa wakurugenzi wa halmashauri kuhusu mbwa waliookolewa

Kwa wakurugenzi wa halmashauri za majiji, manispaa na miji, pamoja na maofisa mifugo walio chini yenu.

Yah: Utaratibu wa kumhamisha mbwa kutoka kwa mlezi wa muda kwenda kwa mmiliki wa kudumu

Ndugu Wakurugenzi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam ambaye kwa miaka sita sasa nimekuwa nikipokea nyumbani kwangu mbwa waliookotwa mitaani, wakakaa wiki kadhaa au miezi kadhaa hadi wapone na wazoee watu, kisha wakaenda kwa watu wengine walioamua kuishi nao. Sina taasisi wala mfadhili, na barua hii siiandiki kuomba fedha. Ninaomba vitu viwili tu: karatasi moja, na siku kumi.

Niruhusuni nianze na mbwa mmoja, kwa kuwa jambo hili nililielewa kupitia kwake. Alikuwa jike wa rangi ya kahawia, mwenye umri wa miaka miwili hivi, na muuza chipsi ndiye aliyenipigia simu kwamba kuna mbwa ndani ya mtaro nyuma ya banda lake, ananuka kama mzoga lakini bado anapumua. Shingoni alikuwa amefungwa waya wa kufungia nondo. Inaelekea alifungwa akiwa mdogo, akakua, na waya haukukua naye. Ulikuwa umezama ndani ya nyama kiasi kwamba huku nje ulionekana mkia wake tu, ule uliosokotwa kwa koleo. Daktari wa mifugo alimlaza kwa sindano, akaukata waya vipande vitatu, kisha kwa muda wa saa nzima akawa anatoa funza mmoja mmoja na kuwatumbukiza kwenye kopo. Alipopimwa alikuwa na kilo 9, na daktari alisema kwa umbo lake alipaswa kuwa na kilo zisizopungua 15.

Kwangu alichagua kukaa chini ya mnara wa simtanki, na kila bodaboda ilipopita alijibana kwenye nguzo. Hakula mbele ya mtu. Nilikuwa nikiweka bakuli la ugali na dagaa, ninageuka na kuondoka, halafu nasimama nyuma ya mlango kusikiliza bakuli likikwaruza sakafu, maana hiyo ndiyo iliyokuwa njia yangu pekee ya kujua kwamba ameanza kula. Siku ya kumi na tisa alikula nikiwa nimekaa kwenye kigoda, hatua nne kutoka alipo. Mimi huwa siwapi majina mbwa wa kupita, kwa sababu jina ni la kumpa mwenye kubaki naye, lakini mtoto wa jirani alikwisha kumwita Watasema, na jina likashika.

Kazi ya mlezi wa muda, kwa wasioifahamu, ndiyo hiyo, na sehemu yake kubwa ni kusubiri. Mbwa hupewa dawa ya minyoo, huogeshwa dawa ya kupe na viroboto, huchanjwa kichaa cha mbwa, na akipata nguvu hufungwa kizazi, au huhasiwa kama ni dume. Wengine huja na uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, ambao unatibika vizuri kwa sindano za kila wiki kwa muda wa mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, ilmradi kuwe na mtu wa kumrudisha mbwa kliniki kila wiki. Watoto wa mbwa tunawatenga kwa sababu ya parvo, ugonjwa wa kuhara damu ambao ukiingia unaweza kufagia uzao mzima katika siku chache. Gharama hizi tunazibeba wenyewe. Sizitaji kwa kulalamika. Nataka tu mjue kwamba mbwa anayetoka mikononi mwetu amekwisha kugharamiwa chanjo na upasuaji ambao halmashauri haikuulipia hata shilingi moja.

Kumtafutia nyumba ni kazi nyingine kabisa. Wengi wanaonipigia huuliza kwanza kama mbwa ni mkali, na ninapojibu kwamba ni mpole, simu hukatika. Wanaobaki huwa nawatembelea. Naangalia uzio, kivuli, mahali maji yanapokaa, na nani hasa jikoni atakayempikia, kwa kuwa ahadi ya baba mwenye nyumba haina uzito kama dada wa kazi hajakubali. Kama ni mpangaji, naomba kusikia kauli ya mwenye nyumba wake. Nauliza pia mbwa atafungwa saa ngapi na kufunguliwa saa ngapi, na nikiona banda la mabati lisilo na upenyo, lililowekwa juani, naaga kwa adabu na kuondoka na mbwa wangu. Nimemnyima mbwa mtu mwenye ghorofa na magari mawili, nikampa mlinzi wa ghala anayelala chumba kimoja, na mpaka leo sijajuta.

Watasema alikwenda kwa muuguzi mstaafu anayefuga kuku wa mayai nje kidogo ya jiji. Mama yule alikuja kwangu mara tatu kabla ya kumchukua, na mara ya tatu hakusema chochote; alikaa kwenye kigoda changu akichambua mchicha wake mpaka mbwa akatoka chini ya simtanki na kumnusa kiatu. Siku ya kuondoka niliwapa kadi yake ya chanjo pamoja na kipande cha kitenge alichokuwa akilalia, kwa sababu mbwa hutulia haraka akiwa na harufu anayoijua.

Siku ya nne alitoroka. Hili si jambo la ajabu hata kidogo: mbwa aliyehamishwa, katika siku zake za mwanzo, hujaribu kurudi alikotoka, ndiyo maana tunasisitiza asifunguliwe ovyo wiki mbili za kwanza. Mtu aliyeleta pumba aliacha geti wazi, mbwa akatoka, na siku hiyohiyo ilikuwa siku ya operesheni ya mbwa wazururaji katika halmashauri ambayo sitaitaja. Tangazo lilikuwa limepita na kipaza sauti juzi yake, lile tunalolijua sote: mbwa yeyote atakayekutwa nje bila mwenyewe atauawa. Watasema alikamatwa kwa kitanzi, akapakiwa.

Alinusurika kwa sababu mmoja wa vijana waliokuwa kwenye gari aliona namba ya simu niliyoiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye mkanda wake wa shingoni, akanipigia kwa salio lake mwenyewe. Kijana huyo simtaji, wala simwelezi kwa namna itakayomtambulisha, kwa kuwa sijui kama alichofanya kinaruhusiwa. Hapo ndipo hoja yangu ilipo, Ndugu Wakurugenzi. Mbwa aliyeokolewa, akatibiwa, akachanjwa, akafungwa kizazi na kupata kwake, hakuokolewa mara ya pili na utaratibu wowote. Aliokolewa na huruma ya kijana mmoja na salio la simu yake.

Tulipofika ofisini, mimi na yule mama, tuliulizwa mwenye mbwa ni nani. Kadi ilikuwa na jina langu, nami nikasema kwamba nimekwisha kumtoa. Mama akasema ni wake, akaulizwa uthibitisho uko wapi, naye hakuwa nao. Tulisimama pale kaunta kwa saa mbili na nusu, watu wawili wenye kumtaka mbwa mmoja, na kwa mujibu wa karatasi mbwa yule hakuwa wa mtu yeyote. Mwisho tuliambiwa tumchukue tuondoke, kwa mdomo tu, kama mtu anayefukuza kero. Ndani ya gari walikuwamo mbwa wengine sita. Mmoja wao, mweusi mwenye soksi nyeupe, alikuwa na kamba ya manila shingoni yenye ncha iliyotafunwa, maana yake mahali fulani alikuwa amefungwa na mtu. Niliuliza watakaa hapo hadi lini, nikajibiwa hadi jioni.

Sasa karatasi ninayoiomba. Ng'ombe anayesafirishwa kutoka mnadani hutembea na kibali cha kusafirisha mifugo. Mtu anayehamia mtaa mpya hupewa barua ya utambulisho na serikali ya mtaa. Mbwa anayetoka kwa mlezi wa muda kwenda kwa mmiliki hana chochote isipokuwa kadi ya chanjo yenye jina la mtu asiyekaa naye tena. Sioni haja ya kubuni mfumo mpya wala kununua programu ya kompyuta. Kadi hiyohiyo iongezwe sehemu ndogo ya kuandika nani alimpokea mbwa kwa muda, nani amemchukua moja kwa moja, na siku gani, kisha wote wawili watie sahihi mbele ya afisa mifugo wa kata, naye agonge muhuri na kubaki na nakala. Namba ya kadi iandikwe kwenye kibati cha shingoni, pamoja na simu ya mwenye mbwa. Mbwa akikamatwa, anayemkamata asome namba na apige simu, na kupiga simu huko kuwe ni sehemu ya kazi yake, kwa salio la ofisi.

Nafahamu kwamba kwa watoto wa binadamu ofisi za ustawi wa jamii zina maneno yao, malezi ya kambo na kuasili, yenye sheria na mahakama nyuma yake. Sitaki kuyaazima. Mbwa si mtoto, na anayewalinganisha anaiharibu hoja kabla hajaimaliza. Natosheka na neno mlezi wa muda, ilimradi liandikwe mahali na litambuliwe, ili mtu mwenye mbwa watano uani wanaosubiri kupona asihesabiwe kama mfugaji mzembe anayezalisha mbwa wazururaji.

Siku kumi ninazoziomba ni kwa ajili ya mbwa anayekamatwa, na nawaomba mzisome kama suala la afya ya watu kabla ya kuzisoma kama suala la mbwa. Kichaa cha mbwa, dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika, na kwamba kati ya watu 10 wanaokufa 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa anayetoa virusi kwenye mate huwa amekaribia mwisho wake, kwa hiyo mbwa aliyemng'ata mtu akifungiwa na kuangaliwa siku kumi, na siku ya kumi akawa bado mzima na anakula, hakuwa na uwezo wa kumwambukiza mtu huyo siku alipomng'ata. Aliyeng'atwa haimpasi kusubiri: aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano, akaanze sindano siku hiyohiyo. Lakini daktari akipata taarifa kwamba mbwa ni mzima anaweza kuzisitisha sindano zilizobaki, na mzazi aliyekopa nauli ya kumrudisha mtoto hospitali kila mara anajua hiyo ina maana gani. Tukimuua mbwa jioni ileile na kumfukia, tumefukia na jibu.

Nao ambao hawajamng'ata mtu, siku kumi zinatosha kwa mwenyewe kusikia habari na kufika, au kwa mlezi wa muda kuja kuangalia kama yumo anayeweza kumchukua. Tupigiwe simu tu. Wengine tutawaacha; hilo nalisema waziwazi. Si kila mbwa anafaa kwenda kuishi na watu, na mimi mwenyewe mwaka juzi nilimpeleka mmoja kwa daktari akachomwa sindano ya kumlaza moja kwa moja, baada ya kumng'ata binamu yangu mara mbili bila kuchokozwa. Alikuwa amechanjwa na nilimwangalia siku zote kumi kwanza.

Mtaniambia kwamba operesheni za kuua zinapunguza hatari. Natamani ingekuwa hivyo, kwa maana wananchi wana haki ya kuogopa, na sibezi hofu ya mama ambaye mwanawe hupita kwenye kundi la mbwa saa kumi na moja alfajiri akienda shule. Lakini kinachozuia kichaa cha mbwa ni kinga. Kiwango kinachopendekezwa ni kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na kurudia mwaka hadi mwaka, kwa kuwa mbwa huishi muda mfupi na wapya huzaliwa kila siku. Tukiua ovyo tunawaua na waliochanjwa, asilimia inashuka, na nafasi zao zinajazwa na mbwa kutoka mtaa wa pili ambao hakuna ajuaye habari zao. Kisiwa cha Bali kule Indonesia, ugonjwa ulipoingia mwaka 2008, kilianza kwa kuua mbwa kwa wingi na ugonjwa ukaendelea kusambaa. Ulianza kurudi nyuma walipogeukia chanjo ya kisiwa kizima.

Hatuna hata haja ya kwenda Bali. Pemba ni hapa kwetu. Kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza huko mwaka 2010 ziliufikisha ugonjwa ukingoni mwaka 2014. Chanjo zikalegea, na mwaka 2016 ukarudi, ukaleta mlipuko. Wakachanja tena kwa bidii, na kufikia mwishoni mwa 2018 ukawa umezimwa kwa mara ya pili. Wapemba, ambao kwa sehemu kubwa si watu wa kufuga mbwa ndani ya nyumba, waliwaleta mbwa wao wa kulindia mashamba kwa kamba na minyororo hadi vituo vya chanjo. Mbwa wa mlezi wa muda amekwisha kuchanjwa kabla hajafika kwa mwenyewe. Kila mmoja wetu ni kituo kidogo cha chanjo kisicholipwa, na tunapoteza hesabu hiyo kwa kukosa kuiandika.

Kuhusu imani nitasema machache. Wengi wa majirani zangu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambako mate ya mbwa ni najisi na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mara mojawapo kwa udongo. Ninawaheshimu katika hilo: uzio wangu ni mrefu, na mbwa wangu hawavuki kwenda barazani kwao. Hata hivyo yule muuza chipsi aliyenipigia simu ni mmoja wao, na nilipomshukuru alinikumbusha habari ya aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba jamii yetu ya pwani haiwezi kulipokea jambo hili. Mtu anaweza kukataa kumgusa mbwa na bado asitake afe kwa waya shingoni.

Sheria tayari tunayo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa ni kiumbe mwenye kuhisi, na inataja uhuru wa aina tano anaostahili, kuanzia kutokuwa na njaa na kiu hadi kutoishi kwa hofu. Ninachoomba kinaweza kuingia ndani ya sheria ndogo za halmashauri bila kusubiri Bunge. Kama mnaona ni kikubwa mno kukianza kila mahali, anzeni na kata moja. Chagueni kata yenye afisa mifugo mwenye moyo wa kazi, mumpe muhuri na daftari, na muianze siku ya tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo kwa vyovyote mbwa hukusanywa kwa ajili ya chanjo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro hufundisha madaktari wa mifugo. Wanafunzi wanaohitaji mazoezi wanaweza kuombwa kusaidia siku hiyo, na nadhani hawatakataa.

Mimi niko tayari kuja ofisini kwenu siku mtakayonipangia, nikiwa na daftari langu la kaunta. Ndani yake mna mbwa 31: tarehe aliyopokelewa kila mmoja, hali aliyokuwa nayo, chanjo alizopata, siku aliyoondoka na alikokwenda, pamoja na wale wanne waliokufa mikononi mwangu. Watasema ni namba 24, na yule mama anasema siku hizi hulala mlangoni pa banda la kuku na amenenepa kupita kiasi kwa ajili ya mayai yaliyovunjika. Namba 32 yuko uani ninapoandika haya, mguu wake wa nyuma umefungwa plasta, na amekwisha kupata mtu wa kumchukua. Plasta itatolewa mwezi ujao. Ningependa aondoke na karatasi yenye jina la mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mlezi wa muda wa mbwa,
Dar es Salaam